Mzee Gichuru na Ukuta Uliotoka Jasho

Katika Eldoret ya miaka ile, mtu aliyepata uwezo kidogo alijenga kwenda juu. Gichuru wa Nderitu alijenga kwenda chini. Alikuwa amekwenda Nairobi mara moja kumzika mjomba wake, akaona duka lenye ngazi za kushuka, watu wakiteremka mikono mitupu na kupanda wamebeba vifurushi, akarudi na hakika kwamba maendeleo yako chini ya ardhi. Akanunua kiploti kwenye mteremko unaoelekea Mto Sosiani, mahali ambapo hata vyura walikuwa wamehama kwa sababu ya maji, akaanza kuchimba. Majirani walimwuliza anamzika nani.

Alijenga kuta nne za bloku za saruji, akazifunika kwa zege lililolala sawa na barabara, akatundika kibao: MWANGAZA HOTEL. Dirisha halikuwapo hata moja. Watu wakapaita Shimoni, na jina la kibao likabaki kusomwa na wageni tu.

Hakuwa mjinga. Maharagwe yake yalijulikana hadi Soy, na kuna watu waliotembea kutoka Pioneer kwa ajili ya chapati zake. Alikuja Sisibo, kama wazee walivyouita mji huu, akiwa kijana juu ya lori la viazi kutoka Nyeri, baada ya shamba la baba yake kumalizwa na kaka zake kabla zamu yake haijafika. Alifagia stoo ya mahindi, akawapikia chai vibarua wa reli, akamwoa Wacera, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya viazi. Alichovuna katika maisha hayo yote ni hoteli ile. Hakuwa na ekari wala ng'ombe, na kwao hakukuwa na pa kurudi.

"Watu wengine wako na shamba," alipenda kuwaambia wateja. "Mimi niko na shimo."

Walicheka. Yeye pia alicheka, lakini baada ya kucheka aliangalia ngazi, kama mtu anayetazama ni nani anashuka.

Sasa, kulikuwa na chama. Sina haja ya kutaja jina lake, kilikuwa kimoja. Kila mfanyabiashara alikuwa na namna yake ya kuonyesha kwamba anakipenda, na kuna aliyekwenda kumnunulia kadi ya uanachama mtoto aliyekuwa bado tumboni. Gichuru, ambaye aliogopa kwamba siku moja mtu atasimama mbele yake na kumwuliza mtu wa Nyeri anatafuta nini huku, aliwapita wote. Alipaka kuta zake nne rangi za chama, tena rangi ya mafuta, ile inayong'aa: nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, na mistari myeupe kati yake. Ulipoketi mle ulijiona kama umekunjwa ndani ya bendera.

Mwenyekiti wa chama wa mtaa, Bwana Kabiru, alimsifu jukwaani. Kabiru alikuja mjini kwa lori lile lile la viazi, ila yeye aliketi mbele na dereva, na tangu siku hiyo hakukubali tena kuketi nyuma popote. Alimwita Gichuru "mwananchi wa mfano". Hakushuka Shimoni kumpongeza, kwa sababu kifua chake, alisema, hakipatani na baridi ya mle.

Tatizo la ukuta ulio chini ya ardhi ni kwamba hausikii hotuba. Mvua za Aprili zilipoanza, maji ya mteremko yalikuja taratibu, yakapenya kwenye bloku, yakakuta rangi ya mafuta imeziba njia kama ngozi iliyowambwa ngomani. Yakaisukuma. Rangi ikatoa malengelenge, mengine mapana kama chapati, na ukitoboa moja kwa kijiko linakutemea. Chumvi nyeupe ikaota kwenye viungo vya bloku. Nyekundu ilivimba kuliko rangi nyingine, na wateja wakanong'onezana maana ya jambo hilo, kila mtu na maana yake.

"Mzee Gichuru," akasema Akello, muuza samaki wa sokoni aliyekula pale kila mchana, "leo kijani imetapika kwa chai yangu."

"Sema pole pole, mama."

"Nimesema kijani. Sijasema ya nani."

Aliyekuja kusema kwa sauti alikuwa Bwana Afya wa mji, Kipyego, mtu mwembamba, mpole, mwenye kabuti la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka. Alishuka ngazi, akasimama katikati ya meza, akaweka kiganja ukutani, akakitazama.

"Mzee, hii ukuta inatoka jasho."

"Ni mvuke ya jikoni, Bwana Afya."

"Mvuke haioti nywele." Akaonyesha ukungu ulioota kama ndevu za mbuzi juu ya benchi. "Watu wanakula chini ya kitu kama hii? Kwarua hii rangi yote, mpaka uone bloku. Osha hiyo chumvi. Halafu upake ile saruji ya kuzuia maji, ile ya kurushwa inaacha vipele. Shule zikifunguliwa nikute haujafanya, nakuja na kufuli."

"Nikwarue?"

"Ndiyo."

"Hii rangi?"

Kipyego aliinua macho, na hapo ndipo alipoona rangi zenyewe ni zipi. Akafunga kifungo cha juu cha kabuti.

"Mimi ni mtu wa afya," akasema. "Rangi sijui. Mimi nimesema ukuta." Akapanda ngazi kwa kasi ambayo hakushuka nayo.

Hivyo ndivyo Gichuru alivyojikuta kati ya kufuli na kesi. Asipokwarua, hoteli inafungwa. Akikwarua, nani atamwelewa? Mwaka uliotangulia, kinyozi mmoja karibu na stendi alimfunga mbuzi wake kwenye mlingoti wa bendera ya chama wakati akinyoa kichwa cha mteja. Mbuzi alilala polisi, na kinyozi akalala naye.

Alimwita Shitanda, fundi wa plasta aliyekaa Kimumu, mtu mwenye mdomo mpana kuliko mwiko wake. Shitanda alikuja na mifuko ya ule unga wa saruji uliotiwa dawa ya kuzuia maji, na mashine ya mkono yenye mpini kama wa kusagia nyama. Unautia uji wa saruji ndani, unazungusha, inautema ukutani vipele vipele. Aliitua sakafuni, akaelezea nyumba zote alizozipaka, na idadi yake ilizidi nyumba zilizokuwapo Eldoret. Kisha akaangalia kuta, akaishika tena mashine yake kama anayetaka kuondoka nayo.

Wacera alikuwa ameusoma mfuko. "Hapa wameandika ukuta iwe tupu kwanza. Ukipaka juu ya rangi haishiki."

"Hiyo waliandikia Wazungu, Mama."

"Ukuta ya Mzungu ni ya nini, ya maziwa?"

"Ukuta ya Mzungu haina chama ndani. Unataka nikwarue hii, halafu uniletee uji jela?"

"Uji yangu si ya kutembea mpaka huko."

Asubuhi iliyofuata Gichuru aliamua kuanza mwenyewe. Alichukua skrepa, akajibanza kwenye kona iliyo nyuma ya pipa la maji, akagusa lengelenge moja jekundu. Skrepa iligonga ukuta kama mtu anayebisha hodi. Kabla hajakwarua ukubwa wa kucha, vijana wawili wa chama wakashuka kutaka chai.

"Mzee, unafanyia nini chama?"

"Napangusa," akasema Gichuru, na skrepa ikatoweka ndani ya aproni. "Inang'ara sana. Nataka ing'are zaidi."

Walikunywa chai yao, wakala mandazi, wakaondoka kama vijana wa chama walivyoondoka hotelini siku zote, yaani kwa kupunga mkono. Gichuru alikwenda moja kwa moja kwa Shitanda, akamwambia apake juu.

"Hatutoi kitu," Shitanda akaeleza, furaha imemrudia. "Tunazivalisha koti tu. Mtu akivaa koti, shati imepotea?"

Gichuru aliyashika maneno hayo kama katekisimu. Mtu akimwuliza, alijibu kwamba rangi ziko pale pale, ila sasa ziko ndani, kama vile chama kilivyo moyoni. Hakuna aliyethubutu kubishana na mtu ambaye chama kiko moyoni mwake.

Na lazima niseme ilipendeza. Kuta ziligeuka rangi ya maziwa ya kwanza, zimejaa vipele vidogo vilivyoshika mwanga wa taa, na kwa mara ya kwanza jina la kibao halikuonekana kama matusi. Watu walishuka kugusa. Shitanda aliketi mlangoni siku nzima akipokea pongezi na maharagwe.

Kisha mvua ikarudi. Maji, ambayo hayakuwa yameambiwa kwamba kazi imekwisha, yaliendelea kusukuma kutoka nyuma. Safari hii yalisukuma rangi na koti lake pamoja. Mchana mmoja, meza zote zikiwa zimejaa, ukuta ulitoa mlio kama mtu anayepasua gunia, na kipande kikubwa kama mlango kikabanduka, kikaanguka sakafuni kifudifudi.

Hakuna aliyeumia. Ugali wa Akello tu ndio uliopata vumbi. Lakini kipande kilipoanguka kifudifudi, vipele vililala chini, na mgongoni kilikuwa kimebeba ngozi yote ya rangi. Vipande vilitawanyika kati ya meza na ngazi, nyeusi, nyekundu, kijani. Ili utoke ilikupasa ukanyage chama.

Watu wakakaa. Waliokuwa wamemaliza kula wakajifanya bado wanakula. Karani mmoja aliyechelewa kazini alinyanyua mguu, akaangalia atauweka wapi, akaurudisha chini ya meza kama si wake. Chai ikapoa. Kwenye kona walikuwa wameketi vijana wale wawili, nao pia hawakutoka, maana kila mmoja alimwogopa mwenzake.

"Mama Wacera," Akello akaita kwa sauti ya chini, "samaki yangu iko kwa jua."

Wacera alitoka jikoni na fagio. "Inueni miguu," akasema, akafagia nyekundu pamoja na kijani pamoja na maganda ya viazi, akajaza karai, akapanda nalo ngazi. Hakuna aliyemwangalia. Kila mtu alikuwa amepata jambo la kutazama ndani ya kikombe chake.

Jioni Gichuru aliketi mbele ya shimo lililobaki ukutani. Bloku zilikuwa tupu pale, za kijivu, zenye matone.

"Shule ziko karibu kufunguliwa," akasema. "Anakuja na kufuli. Tutaenda wapi, mama?"

Wacera alikuwa akichambua maharagwe. "Wewe huwezi kukwarua. Fundi hawezi. Nani hapa mjini anaweza kukwarua rangi ya chama na hakuna mtu ya kumwuliza?"

"Hakuna."

"Kabiru."

"Kabiru? Huyo hajawahi kukwarua hata kiazi."

"Kiazi hawakumfungia utepe."

Ilikuwa kweli. Kabiru alikuwa mgonjwa wa kuzindua. Alikuwa amezindua kisima, amezindua choo cha soko, na mara moja, kwa kukosa kazi, alizindua mti uliokuwapo tangu enzi za walowezi. Gichuru alivaa koti lake la kanisani, akamwendea.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, maana walioshuka lori moja hawakuitana tena kwa majina, "zile rangi zimechoka. Chama kikubwa namna hii kukaa kwa rangi iliyochoka, si heshima. Tunaomba uje uzindue kuziondoa."

Kabiru alifikiri kwa kupapasa tai. "Kutakuwa na kwaya?"

"Ya akina mama wa kanisa."

"Na nyama?"

"Mbuzi."

"Basi," Kabiru akasema, "hilo ni jambo la maendeleo."

Siku ya uzinduzi skrepa ilifungwa utepe mwekundu, ikaletwa juu ya sinia lililotandikwa kitambaa. Kwaya iliimba kwenye ngazi kwa sababu chini hapakutosha. Kabiru alisema maneno marefu kuhusu adui watatu wa taifa, akamwongeza wa nne, unyevu, akaitwaa skrepa na kukwarua. Rangi ililoa sana hata ikatoka kwa mkwaruo mmoja mrefu, kama ganda la ndizi, koti la saruji likipukutika juu yake. Watu wakapiga makofi. Kabiru alishtuka, akaangalia utepe mrefu wa nyekundu uliokuwa ukining'inia mkononi mwake, kisha akaona raha yake. Akakwarua tena. Wale vijana wawili, walipoona Mwenyekiti anatoa jasho, waliomba skrepa nao wasije wakaonekana wavivu. Kabla mbuzi hajaiva, chama kilikuwa kimejikwarua chenyewe kutoka ukuta mmoja mzima, na kwaya ilikuwa bado inaimba.

Baada ya hapo Shitanda alimaliza kukwarua kuta nyingine akipiga mluzi. Safari hii, kwa kuwa hakuwa na jela ya kuogopa, alifanya kama mfuko ulivyosema na Wacera akiwa amesimama nyuma yake akiusoma. Alisugua chumvi kwa brashi ya waya, akaosha, akaziba nyufa. Nje akachimba mtaro wa kupeleka maji ya mteremko upande wa mto. Akalowesha bloku tupu, akasugua uji wa kwanza kwa brashi ngumu mpaka ukaingia kwenye kila kitundu, akauacha ushike, ndipo akazungusha mashine yake na kutia vipele. Mvua ilinyesha juu yake siku baada ya siku. Ukuta haukutoa hata tone. Rangi za chama hazikurudishwa, wala hakuna aliyezikumbuka, kwa kuwa kila mtu alikuwa amekwisha kupigwa picha siku ya skrepa.

Gichuru alitembea mle kama bwana harusi. Alipitisha kiganja kwenye vipele akienda jikoni na akirudi. Sasa sikiliza jambo ambalo hakulifikiria, yeye aliyefikiria kila hatari: miaka yote ile hakuna mkubwa aliyelitaka shimo lake, kwa sababu lilikuwa bichi.

Kabiru alirudi kuangalia kazi aliyoizindua. Alishuka ngazi bila kukohoa. Alikaa, akala maharagwe, akavuta hewa ndefu ya kifuani, akatazama kuta, dari, tena kuta. Ofisi ya chama ya mtaa ilikuwa kibanda cha mabati kilichovuja.

"Gichuru," akasema, "mahali pazuri hivi, kweli pa kula maharagwe?"

"Ni hoteli, Mheshimiwa."

"Ilikuwa hoteli kabla sijaifungua. Mimi niliifungua iwe nini? Si maendeleo?" Akamshika bega. "Wewe ni mwananchi wa mfano. Ufunguo utabaki na wewe. Utakuwa unafungua asubuhi na kufagia."

Gichuru alijisikia akisema asante. Alilisema kwa sauti, mara mbili, na watu walisikia. Viti vya hoteli vilipangwa kutazama meza moja. Jiko lilitolewa kwa sababu harufu ya vitunguu haiendani na ofisi, na Wacera akatundika turubai kando ya barabara, akapika pale, kwenye matope. Mvua ikinyesha, wateja walikula wamesimama.

Shule zilifunguliwa. Kipyego akaja na kufuli kwenye mfuko wa kabuti, kama alivyoahidi.

"Mama, mbona mko nje?"

"Kule ndani kumekauka sana," Wacera akamjibu bila kuacha kukoroga. "Shuka ujionee."

Gichuru alikuwa peke yake chini, akifagia. Kipyego aliweka kiganja ukutani, akakitazama. Akagonga kwa kidole, akanusa, akaenda ukuta wa pili. Uso wake ulikunjuka. Maishani mwake alikuwa ameagiza mengi, na machache sana yalikuwa yamefanywa.

"Mzee! Hii ndiyo kazi. Tangu nianze, sijaona ukuta kavu hivi."

Gichuru aliangalia ngazi. Hakuna aliyekuwa akishuka.

"Bwana Afya, angalia tena. Pale pembeni, nyuma ya kabati."

Kipyego akaangalia. "Kavu."

"Na hapo chini? Mimi naona kama iko na unyevu kidogo."

"Hakuna."

"Hata ile kidogo ya kuleta ugonjwa? Kitu tu ya kufunga mahali. Hata kwa muda."

Hapo Kipyego akaelewa. Aliitazama meza, kibendera kilichosimama juu yake, viti vilivyopangwa mistari. Mkono wake uliingia kwenye mfuko wenye kufuli, ukakaa humo, ukatoka mtupu.

"Mzee wangu," akasema polepole, "mimi natafuta maji. Nikipata maji, nafunga. Hapa hakuna maji."

"Mvua kubwa ikija?"

"Fundi wako alifanya vizuri." Alilisema kama mtu anayetoa pole. Akampa mkono, akapanda.

Gichuru alisikiliza mpaka viatu vikaisha kwenye ngazi. Ndipo akaenda kuchota ndoo ya maji ya kufagilia, akaivuta kwa mikono miwili, akaimwaga yote ukutani kwa nguvu. Maji yalipiga vipele, yakarudi, yakateremka mpaka sakafuni, na pale yalipopita ukuta ulibaki na rangi ile ile. Akaweka kiganja. Kisha akavua aproni, akapiga magoti, akaanza kukausha sakafu, kwa maana wajumbe wa chama wangeanza kufika wakati wowote.